Goti Hupozwa Ili Paja Likaze

Siku chache baada ya kuundiwa upya ligamenti ya mbele ya goti, ile inayojulikana kwa kifupi kama ACL, mgonjwa huambiwa akaze paja. Anajitahidi, jasho linamtoka, paja limelala tu. Mara nyingi kisu hakikuigusa kabisa misuli ya mbele ya paja. Tatizo limo ndani ya goti: likivimba, hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, nao uti huipunguzia misuli hiyo amri ya kufanya kazi.

Uvimbe wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1984, watafiti walidunga maji ya chumvi kwenye magoti mazima; mililita 20 hadi 30, yaani vijiko viwili hivi vya chakula, zilitosha kuidhoofisha sehemu ya ndani ya misuli hiyo.

Wengi hudhani barafu inawekwa ili kuponya nyama. Sivyo. Mwaka 2009 nchini New Zealand, David Rice na Peter McNair pamoja na mwenzao waliyajaza maji magoti ya watu 16 wasio na jeraha. Nguvu ya paja ikashuka. Nusu yao wakawekewa barafu kwa dakika 20, na nguvu yao ikapanda tena kuliko ya wenzao walioachwa hivyo hivyo. Barafu hiyo ilifungwa gotini, si pajani: iliyotulizwa ni ile kelele ya goti, na paja likapata nafasi ya kusikia amri.

Kwa hiyo mpangilio una uzito. Nchini Marekani, timu ya Joseph Hart iliwafuatilia kwa wiki mbili watu 30 waliowahi kufanyiwa upasuaji huu na ambao mapaja yao yalikuwa bado mazito kuitikia. Waliopoza goti kisha wakafanya mazoezi papo hapo waliongeza nguvu kuliko waliotumia barafu peke yake au mazoezi peke yake. Nyumbani watu hufanya kinyume: mazoezi kwanza, barafu baadaye. Kwa maumivu inafaa. Kwa paja, fursa imeshapita.

Tahadhari ni tatu. Barafu itenganishwe na ngozi kwa kitambaa, na isikandamizwe upande wa nje chini kidogo ya goti, kwani hapo neva inayouinua wayo hupita karibu sana na ngozi. Mgonjwa ambaye mguu wake bado una ganzi hawezi kujua kuwa anaungua kwa baridi, hivyo asiachwe peke yake.

Na kuzamisha miguu mizima kwenye maji ya baridi baada ya kunyanyua vyuma, kama wafanyavyo wanamichezo wengi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wa wiki 12 za mazoezi, ulionyesha kuwa waliokaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 waliongeza misuli na nguvu kwa kiasi kidogo kuliko waliomalizia kwa kuendesha baiskeli taratibu. Kwa mtu anayehangaika kulijaza paja lililosinyaa, hiyo ni hasara tupu.