Tia Mkono Chini ya Kikapu: Kaida za Kupima Nyenzo za Mtandaoni kwa Walimu wa Kiingereza na Uanahabari

Mwezi uliopita, katika mkutano wa walimu wa lugha uliofanyika jirani na hapa Mogogosiek, nilimsikia mwalimu kijana, mwenye bidii na adabu njema, akiusifu mbele ya wenzake mkusanyo wa mazoezi ya Kiingereza alioununua kwa M-Pesa na kuletewa kwa WhatsApp, akisema kuwa una maswali mia tano, majibu yote, na jalada la rangi. Na wenzake, pasipo kumwuliza hata swali moja, wakatoa simu zao ili nao watumiwe. Nilinyamaza kwa kumstahi mwenyeji wetu, lakini kimya kile, nami ni mtu wa pwani, kimenikwama kooni kama mwiba wa changu, na leo nakitapika.

Kaida za mwanzo ni nyepesi, sitazirefusha. Somo lisilo na jina la mtunzi wala tarehe ni uvumi. Tovuti inayokupigia muziki kabla hujasoma neno, ifunge. Zoezi lisiloenea katika karatasi moja halifai, maana mvua ya huku hushuka alasiri, umeme ukakatika, mwalimu akabaki na chaki yake. Na yeyote anayekuahidi mtihani ambao haujafanywa, huyo ama anakuhadaa ama anakushirikisha katika wizi. Hakuna la tatu.

Lakini jambo ambalo mgeni wa kazi hii hulipita daima, hata akiwa na shahada mbili, ni jibu la makosa. Karani wa kituo cha kununulia chai, mkulima anapowasili, hapumbazwi na majani mawili na chipukizi yaliyopangwa juu. Hutia mkono chini ya kikapu, kwa kuwa huko ndiko yafichwako majani makuukuu. Chini ya kikapu cha zoezi la lugha mna yale majibu matatu yasiyo sahihi, na hapo ndipo ustadi wa mtunzi, au ghiliba yake, hudhihiri. Tazama jozi za sauti za karatasi ya 101/1, ile ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE. Mkusanyo ule uliosifiwa ulijaa "thin" na "sin", ambayo ni dhiki ya Mfaransa. Ilhali mtoto wa Kikipsigis, ambaye lugha ya mama yake haitenganishi p na b, wala t na d, wala k na g kama Kiingereza kitenganishavyo, hakuwekewa hata mara moja "pig" na "big", wala "coat" na "goat". Tazama na klozi, zoezi la kujaza nafasi. Mtoto atakayesimulia alivyofika kiwandani ataandika "to" baada ya "arrived", kwa sababu Kiswahili humwambia "nimefika kiwandani" na kumwachia Kiingereza taabu ya kuchagua kihusishi. Basi mtunzi aliyekaa darasani ataiweka "to" miongoni mwa majibu, kisha katika mwongozo wa kusahihishia aeleze kwa nini haifai, na mtunzi wa dukani ataweka "under" na "between", ambayo hata mbuzi hangeyachagua.

Mwalimu wangu kule Mombasa, Mungu amrehemu, alikuwa na daftari la makosa yetu, kila mwaka kurasa zake, na mitihani yake yote aliitunga kutoka humo. Ndivyo alivyofanya kazi A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha, akachunguza miundo ya vitenzi inayowakwaza wanafunzi, hata kamusi yake ikachapishwa Tokyo mwaka 1942 na Oxford ikaitoa upya mwaka 1948. Kamusi ya wanafunzi iliyozaliwa kutokana nayo sasa husomwa mtandaoni bila malipo, nayo hukuonyesha kila kitenzi hufuatwa na nini. BBC Learning English, ambayo asili yake ni vipindi vya redio vya mwaka 1943, na TeachingEnglish ya British Council, nazo naziruhusu, ingawa redio ilitufundisha kusikiliza na simu imetufundisha kubonyeza. Kinyume cha hao, niliwahi kumfahamu mwuza mitihani mmoja: alifuta jina la shule juu ya karatasi ya watu akaandika lake, akasahau kubadili swali la insha, watoto wa majani chai wakaulizwa habari za soko la samaki la mtaani kwao.

Kwa klabu za wanahabari mizani ni ile ile. Usipumbazwe na masomo ya kushika maikrofoni; tafuta nyenzo inayoonyesha uongo ulivyosafiri na ulivyokamatwa. Africa Check, iliyoasisiwa mwaka 2012 na yenye ofisi Nairobi, huliandika dai, kisha humpeleka msomaji hatua kwa hatua hadi takwimu zilikotoka, na kwa mwanafunzi safari ile ina faida kupita hukumu yenyewe. Kitabu cha UNESCO cha mwaka 2018 kuhusu uanahabari na habari potofu hupakuliwa bure, na chamfaa mwalimu kabla ya mwanafunzi. Fauka ya hayo, tafuta ukurasa wa masahihisho: chombo cha habari kisichoungama kosa hata moja hukosea kama wengine, ila hufuta usiku.

Basi, mwalimu mwenzangu, kabla hujatuma shilingi, omba ukurasa mmoja tu wa majibu. Ukikuta humo kosa la mwanafunzi wako, limetajwa na kuelezwa, nunua hata kama jalada ni chakavu. Ukikuta herufi tupu zimepangwa, A, C, B, D, rudisha simu mfukoni.