Lipiko la Zamani Husomwa kwa Ndani

Mnunuzi anayefika Soko la Vinyago la Mwenge, Kinondoni, akitafuta lipiko la zamani, huanza kulikagua usoni. Ni afadhali aligeuze kwanza, atazame pale kichwa kinapoingia.

Lipiko ni kinyago cha Wamakonde cha kuvika kichwa chote, na chimbuko lake hasa ni uwanda wa Mueda, Msumbiji. Mchezaji hulivaa likiwa limeinamia nyuma, akachungulia kupitia mdomo wake, na kitambaa kikamficha shingo. Kwa kuwa ni la kuchezea, fundi aliuacha mpingo kwa uzito wake, akachagua mti mwepesi na kuukomba ndani hadi ukawa mwembamba. Usoni alibandika nywele halisi za binadamu, na chale akazichonga au kuziumba kwa nta ya nyuki.

Ngoma nayo huacha alama zake. Jasho huingia pale paji la uso linapogusa, na ukingo hulainika sehemu zinazosuguana na mwili. Moshi na rangi ya viatu huweza kuuzeesha uso kwa muda mfupi, lakini doa la kupaka huenea sawasawa, na kinyago kilichochongwa kwa ajili ya rafu mara nyingi huwa kizito, ndani kikiwa na makovu mabichi ya patasi.

Hata hivyo, ukongwe hauthibitishi uhalali. Mwaka 1984 lipiko liliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva ikalinunua. Mtafiti Mwitaliano Enrico Castelli alilitambua mwaka 1990, ila lilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania tarehe 10 Mei 2010, jijini Paris. Miaka 20 ilipita kati ya kutambuliwa na kurudishwa.

Basi kila mkusanyaji aandike: kijiji lilikotoka, aliyelimiliki, lilivyonunuliwa, vipimo, na picha za ndani na nje. Muuzaji asipoweza kueleza lilikotoka, liache, hata kama alama zote za ngoma zipo. Fedha hiyo mpe fundi wa Mwenge akuchongee lipiko jipya, jepesi, la kuvalika, na jina lake liandikwe pamoja na mwaka. Hapo utakuwa na kumbukumbu isiyo na shaka, na ufundi utakuwa umelipwa mikononi mwa anayeujua.