Karama Mbele ya Baraza: Kusadikika na Haki za Binadamu

Baadhi ya wenye elimu hushikilia kwamba haki za binadamu ni zao la Ulaya, na kwamba kuzidai penye desturi na dini nyingine ni kuwavika watu nguo isiyowaenea. Ushahidi wao ni kura ya Paris ya tarehe 10 Desemba 1948. Tangazo la Haki za Binadamu lilipata kura 48 na halikupingwa na dola yoyote, walakini dola nane zilijizuia. Miongoni mwao ilikuwamo Saudi Arabia, ambayo haikuridhia kifungu cha 18 kimruhusucho mtu kubadili dini. Tanganyika haikuwa na kiti, maana ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Pakistan, nayo ni nchi ya Kiislamu, ilipiga kura ya kukubali. Ikiwa wenye dini moja walitofautiana, basi dini peke yake haiwezi kuwa sababu ya kukataa.

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, yalikabili jambo hili kwa njia ya hadithi. Karama ashitakiwa kwa kuanzisha mafundisho ya sheria, ambayo Waziri Majivuno ayaona kuwa hatari kwa nchi. Katika utetezi wake ataja wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mema aliyoyaona, akalipwa kifungo. Kwa mpango huu mwandishi aonyesha kuwa jema halina upande mmoja litokako, na kwamba Kusadikika haikukosa mashauri mema, bali ilikosa masikio.

Kasoro ya kitabu i mwishoni. Wafungwa wafunguliwa kwa kuwa mfalme ameridhika. Haki ingojayo ridhaa ya mfalme yakaribia kuwa hisani, na mfalme mwingine aweza kuiondoa. Hata hivyo Karama haombi huruma. Aomba asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na ombi hilo halihitaji tafsiri katika lugha yoyote. Adhabu ya kaburi aijua maiti: atakaye kujua kama haki ni ya watu wote hana budi kumwuliza mfungwa kwanza, kabla ya kumsikiliza Majivuno.