Sifa za Fundi wa Kerneli

Kompyuta nyingi hutupwa kabla hazijafa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine zisizokidhi masharti ya Windows 11 zikahesabiwa taka, hata zile zinazowaka vizuri. Hasara hiyo ni nzito zaidi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 wengi waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe walirudishwa humo. Vijana wanaojifunza kuandika programu mahali kama TakenoLab, iliyoasisiwa na Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, wanamhitaji fundi aliye karibu, anayejua kuihuisha mashine kuukuu.

Ufundi huo umo hasa katika kerneli, kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu na kuziwezesha programu kutumia diski na kichakato. Kerneli ya Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, ni huru kwa yeyote kuitumia na kuibadili, hata kwenye mashine iliyoachwa na Windows. Fundi makini hupima kwanza: kichakato ni cha biti ngapi? Debian 13, toleo la mfumo endeshi wa Linux lililotoka Agosti 2025, halitoi tena kerneli ya biti 32 kwa vichakato vya x86. Kisha hunakili kazi za watu, huhakikisha umeme hautakatika katikati ya kazi, na huweka kerneli mpya bila kuifuta ya zamani. Mpya ikigoma, mashine huwashwa kwa ile ya awali. Hapo ndipo ninapouona ubora wa kazi hii: inaleta mabadiliko bila kuziba njia ya kurudi.

Wapo wasemao kinachofanya kazi kisiguswe. Lakini kasoro ya usalama iitwayo Dirty COW ilikaa ndani ya Linux tangu 2007 hadi iliporekebishwa Oktoba 2016, na muda wote huo mashine zilionekana nzima. Wengine hushauri kusubiri kompyuta mpya za msaada. Ni kweli kwamba kerneli haiongezi kumbukumbu wala haifufui diski iliyochoka. Ila mashine mpya nayo itazeeka, na siku hiyo anayejua kuihuisha hatahitaji kibali cha kutoka kambini kwenda Lilongwe. Basi kila anayeleta kompyuta kambini agharimie pia mafunzo ya kuzitunza, maana ujuzi huo utazihudumia hata zitakazokuja baadaye.