Kwa Nini Honda ya 1969 Bado Inafunguliwa

Oktoba 1968, katika maonyesho ya magari ya Tokyo, Honda walitoa pikipiki iliyozeesha bidhaa za washindani wao wa Uingereza kwa siku moja. CB750 Four ilikuwa na injini ya 736 cc, silinda nne safu moja, starta ya umeme na breki ya diski kwenye gurudumu la mbele. Ilianza kuuzwa 1969, na mwaka uliofuata Dick Mann akashinda mbio za Daytona 200 kwa toleo lake la mashindano. Leo pikipiki mpya ya daraja lake inaipita kwa breki, kwa ulaji wa mafuta na kwa usafi wa moshi. Hata hivyo Marekani, Ulaya na Japani wapo watu wenye uwezo wa kununua mpya ambao Jumamosi yao huishia wameinamia CB750 iliyofunguliwa, mikono imejaa grisi. Wengi husema watu hao wanatamani tu ujana wao urudi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Sababu iko ndani ya chuma chenyewe: hitilafu ya mashine hii inaweza kufuatwa hatua kwa hatua mpaka chanzo chake, na mtu mmoja mwenye subira na vifaa vichache, na utamu wote uko katika kufuata huko.

Chukua mfumo wa cheche. CB750 haina kompyuta. Ina koili mbili kwa silinda nne: moja inahudumia silinda ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3, na kila koili ina platini zake, yaani kile kikatio kidogo kinachofunguka na kujifunga kila krenki inapozunguka. Injini ikianza kumisi, swali la kwanza ni silinda ipi. Kila silinda ina bomba lake la ekzosi, kwa hiyo matone ya maji yanatosha kujibu: kwenye mabomba yenye moto yatachemka na kukauka mara moja, kwenye bomba la silinda iliyolala yatatulia. Bomba la 1 na la 4 yakiwa baridi yote mawili, tazama kwanza vile ambavyo silinda hizo hutumia kwa pamoja, yaani koili, kondensa na platini. La 1 likiwa baridi peke yake, tazama kilicho chake mwenyewe: plagi, kabureta, valvu. Plagi ya 1 ihamishie kwenye silinda ya 2. Ubovu ukihama nayo, umekwisha kujua; usipohama, plagi haina kosa na umebakiwa na mawili ya kuchunguza. Rangi ya plagi nayo ina habari zake. Kahawia hafifu ni mchanganyiko mzuri, nyeusi yenye masizi ni petroli iliyozidi, na nyeupe ni hewa iliyozidi, ambayo huweza kuunguza pistoni. Hapa hakuna bahati nasibu wala kipaji cha ajabu. Kuna mantiki ya kuondoa yasiyowezekana moja baada ya jingine, na mashine iliyopangwa kwa namna inayoiruhusu mantiki hiyo ifike mwisho.

Valvu zinaonyesha jambo lilelile kwa upande mwingine. Juu ya injini kuna vifuniko vinane vya kufungua kwa spana, kimoja kwa kila valvu, na chini ya kila kifuniko kuna skrubu na nati yake ya kurekebisha nafasi ya valvu. Injini ikiwa baridi, unapitisha fila geji ya 0.05 mm upande wa kuingiza na 0.08 mm upande wa kutoa, unakaza, unafunga. Katika injini nyingi za kisasa za silinda nne, nafasi hiyo hurekebishwa kwa kubadilisha vibamba vya unene maalumu, na kuvifikia ni mpaka kamshafti zing'olewe. Ni ufundi bora kwa injini ya kasi, na kazi yenyewe hudaiwa mara chache sana. Lakini mwenye pikipiki hana tena nafasi ndani yake. Tusiipambe CB750 kupita kiasi, maana ukitaka kung'oa kichwa cha injini, fremu inakuzuia na injini nzima lazima ishushwe, kazi ambayo wapenzi wake wenyewe huilaani. Honda hawakuwa wakiunda kitu cha kuchezea. Walitaka soko, na uwazi wa mashine yao ulitokana na teknolojia ya wakati ule. Tazama kabureta: matoleo ya kwanza yalivuta kila moja kwa waya wake, na kuziweka nne zifunguke sawasawa kukawa usumbufu, kwa hiyo tangu toleo la K1 zikaunganishwa zivutwe kwa pamoja. Bado zinahitaji kusawazishwa. Unafunga geji za mvutano, unagusa skrubu moja, mshale wa geji unasogea, na sekunde ileile muungurumo unabadilika. Vitu vichache maishani humjibu mtu haraka kiasi hicho.

Hapo mtetezi wa pikipiki mpya atasema kwamba hata yeye anajibiwa: anachomeka kifaa cha kusoma kompyuta, inatoka namba ya hitilafu. Ni kweli, na kwa gereji yenye foleni ya wateja hilo ni jambo jema. Tena mfumo wa injekta una ubora ambao kabureta haiwezi kuufikia. Pikipiki ya kabureta iliyotyuniwa Mombasa ikipandishwa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa nyepesi kwa asilimia 15 hivi, ikaanza kunywa petroli kuliko inavyopaswa. Ya injekta husoma sensa zake na kujirekebisha. Mwenye kabureta lazima ashushe sindano au abadilishe jeti. Lakini tazama kila mmoja amebaki na nini mwisho wa safari. Wa injekta amefika. Wa kabureta amefika, na sasa anajua kwa mikono yake kwamba urefu wa mlima hubadilisha uwiano wa hewa na petroli. Anayetafuta ujuzi wa namna hiyo haoni kero hiyo kuwa hasara.

Hoja ya ujana nayo ina jaribio lake, na jaribio hilo limefanywa na kiwanda. Triumph walipoirudisha Bonneville mwaka 2001, waliivisha sura ya miaka ya 1960 juu ya injini mpya. Baadaye walipohamia injekta, waliziunda zionekane kama kabureta. Kama kiu ingekuwa ya sura na sauti tu, pikipiki hiyo ingeimaliza: ina umbo la zamani, haivujishi oili, na huwaka kila asubuhi. Iliuzwa vizuri, na wengi wanaipenda kwa haki. Lakini walioendelea kufungua mashine za zamani wanataka kabureta inayofunguka, na sanamu ya kabureta haina kitu ndani cha kusafisha.

Kuhusu fedha, asidanganyike mtu. Kufufua CB750 iliyochakaa huweza kugharimu kuliko kununua pikipiki nzuri iliyotumika kidogo, na hoja ya kubana matumizi haifai hapa. Kinachosaidia ni wingi: zilitengenezwa zaidi ya 400,000, hivyo gasketi, platini na vipande vya kabureta bado vinapatikana. Kuhusu usalama, hoja ni nzito zaidi. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2016 kulazimisha ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu kujifunga, kwenye pikipiki mpya za zaidi ya 125 cc, na si kwa mapambo. Diski moja ya mwaka 1969 kwenye lami iliyolowa inamdai mpandaji umbali na tahadhari ambazo mwenye ABS hadaiwi. Hilo halina jibu la kiufundi. Anayeipanda amekubali hatari hiyo na apunguze mwendo.

Pingamizi la mwisho linatoka kwetu. Dereva wa bodaboda hufungua injini kila mara na haiiti starehe. Honda wenyewe walilijua hilo: CG125 ya mwaka 1976 ilibuniwa kwa nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na vumbi hula cheni, kwa hiyo wakairudisha kamshafti chini, wakatumia fito za kusukuma valvu, na kuifunika cheni ya kuendeshea gurudumu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabara zetu zilifuata injini hiyo. Kilichomfaa fundi wa chini ya mwembe ni kilekile kinachomfurahisha mpenzi wa CB750: uwezo wa kufika kwenye chanzo kwa spana na akili. Tofauti ni kwamba mmoja ana chombo kingine cha kumfikisha kazini kesho, na mwingine asipomaliza leo watoto hawali. Kwa hiyo anayehitaji pikipiki ya kazi na anunue mpya bila aibu. Anayetaka kuifahamu injini, atafute ya zamani iliyo kamili hata kama haiwaki, maana kipande kilichopotea husumbua kuliko kilichoharibika, na kabla ya kushika spana anunue kitabu cha ufundi cha toleo hilohilo pamoja na fila geji.