Useremala wa Data na Maandishi ya Kiswahili: Tathmini ya Masomo ya The Carpentries

Mtafiti wa chuo kikuu wa siku hizi, awe wa elimu ya mimea au wa isimu, hukusanya data nyingi kuliko awezavyo kuzipitia kwa macho na kalamu. Hata hivyo, watafiti walio wengi hawakufundishwa kuandika programu za kompyuta. Walijifunza wenyewe, kwa kubahatisha, kazi ikiwa imekwisha kuwalemea. Pengo hilo ndilo lililowafanya Greg Wilson na Brent Gorda kuanzisha Software Carpentry mwaka 1998, katika maabara ya taifa ya Los Alamos, nchini Marekani. Data Carpentry ilifuata mwaka 2014. Mwaka 2018 ziliunganishwa kuwa jumuiya moja, The Carpentries, ambayo baadaye ilijumuisha pia Library Carpentry, yenye masomo ya wakutubi.

Jina lenyewe lina maana ya useremala. Halimwahidi mwanafunzi kuwa mhandisi. Linamwahidi kushika msumeno na randa bila kujikata. Kwa kawaida warsha huchukua siku mbili. Hufundishwa namna ya kuiamuru kompyuta kwa maandishi, kutunza historia ya faili kwa Git, na kuchanganua data kwa lugha ya R au Python. Masomo hayo yameandikwa na yanasomwa na yeyote apendaye. Kwa hiyo yanaweza kuhakikiwa kama maandishi mengine: yana msomaji anayekusudiwa, yana mifano, na yana mambo yanayochukuliwa kuwa dhahiri bila kusemwa.

Sifa ya kwanza ya masomo haya ni adabu yake ya kufundisha. Mwalimu haonyeshi programu iliyokwisha kukamilika. Huiandika mbele ya wanafunzi, neno kwa neno, nao humfuata kila mmoja kwenye kompyuta yake. Mwalimu akikosea, kosa huonekana na hurekebishwa hadharani. Mwanafunzi hubandika karatasi ya rangi moja juu ya kompyuta akiwa amemaliza zoezi, na ya rangi nyingine akiwa amekwama. Hivyo haya ya kuinua mkono haimnyimi msaada. Katika vyuo ambako mhadhiri huzoea kusoma madaftari yake huku wasikilizaji wakinakili, mbinu hii peke yake ni fundisho.

Sifa ya pili ni kanuni ya kuacha nyayo. Anayepanga data kwa kubofya hapa na pale hawezi kesho kueleza alifikaje kwenye matokeo yake. Anayeandika amri zake katika faili ameacha njia ambayo mwenzake anaweza kuipita tena na kuikosoa. Mwanafilolojia atalitambua jambo hili mara moja: hiyo ndiyo kazi ya mhariri anayeonyesha kila badiliko alilolitia katika hati ya kale.

Baada ya sifa hizo, kuna kasoro tatu zisizoweza kunyamaziwa.

Mosi, muda. Mwaka 2017 David Feldon na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 294 wa udaktari wa sayansi za viumbe katika vyuo 53 vya Marekani. Hawakuona tofauti ya kupimika katika ujuzi wa utafiti kati ya waliopitia mafunzo mafupi ya kasi na wasioyapitia. Utafiti huo haukuwa hukumu juu ya The Carpentries pekee, lakini swali lake linaihusu. Siku mbili zaweza kuondoa woga. Haziwezi kujenga mazoea. Warsha isiyofuatwa na kikundi cha kukutana kila juma chuoni ni mbegu iliyomwagwa juu ya mwamba.

Pili, mifano. Somo la ikolojia hutumia data za panya wa jangwani Arizona. Somo moja la R hutumia jedwali la Gapminder, lenye nchi 142 kuanzia mwaka 1952 hadi 2007. Kongo imo ndani yake: umri wa kuishi unaotarajiwa mwaka 2007 ni miaka 46.462. Msomaji aliyelelewa katika desturi ya Kifaransa hutenga desimali kwa mkato, si kwa nukta. Kompyuta yake iliyopangwa kwa Kifaransa nayo huhifadhi majedwali kwa mkato wa desimali na kutenganisha safu kwa nukta-mkato. Akiifungua faili yake mwenyewe kwa amri ya kawaida ya R, read.csv, atapata safu zilizovurugika na nambari zilizogeuka maneno. R inayo amri ya kufaa hali hiyo, read.csv2. Ni tarakimu moja tu iliyoongezwa, lakini asiyeonyeshwa hudhani kwamba amekosa akili, kumbe amekosa mkato.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni suala la kile kinachoitwa kusafisha data. Library Carpentry hufundisha OpenRefine, programu inayokusanya pamoja maandishi yanayofanana na kupendekeza yaunganishwe. Katika orodha ya vitabu, ambamo jina la mwandishi mmoja limeandikwa kwa namna tano, huo ni msaada mkubwa. Lakini tuchukue maandishi ya André Yav, yaliyokusanywa mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, yakisimulia historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990. Hayafuati tahajia sanifu, na mipaka ya maneno hubadilika-badilika. Ili kuyaelewa, ilibidi Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, ayasome kwa sauti.

Maandishi ya namna hii yakipitishwa katika programu, mutu na mtu, zilizotofautiana kwa herufi moja, huenda zikapendekezwa kuwa neno moja. Batu na watu huenda zikafuata. Anayebofya kukubali amepata jedwali safi, na amefuta ushahidi wenyewe: matamshi ya mji, mkono wa mwandishi, umbali wake na shule. Asiyejua maana haambiwi maana. Programu hupima herufi tu. Hata kuhesabu maneno si kazi nyepesi, kwani kukata maandishi penye nafasi huyafanya anasoma, walisoma na atamsomea kuwa maneno matatu yasiyo na undugu. Uamuzi wa nini ni kosa na nini ni lugha hauwezi kuachiwa chombo, wala fundi asiyeijua lugha.

Je, masomo haya yaachwe? La. Leseni yake inaruhusu kuyatafsiri, kuyabadili na kuyafundisha upya, mradi waandishi wa kwanza watajwe. Yako tayari masomo kadhaa kwa Kihispania. Kwa hiyo lawama haiwezi kuishia ng'ambo. Idara za Kiswahili zinaweza kutunga somo ambalo data yake ni maandishi ya mji wao, ambalo safu ya kwanza huhifadhi neno kama lilivyoandikwa na safu ya pili hupokea umbo sanifu, ya kwanza isiguswe kamwe. Somo hilo lingemfundisha mwanaisimu kuandika programu, na lingemfundisha mwandishi wa programu kusoma. Lisipotungwa na wenye lugha, usafi wa maandishi yao utaamuliwa na wengine, na kitakachofutwa hakitaacha alama ya kukidai.