Uajabu wa Mhusika Asiye Binadamu: Mfano wa Nyamgondho

Katika Dungeons & Dragons (1974), mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji hujivika uhusika, viumbe wasio binadamu hubainishwa aghalabu kwa nguvu zao. Kisasili cha Nyamgondho wuod Ombare, kisimuliwacho Gwassi, Homa Bay, na kujulikana pia kwa Wajaluo wa Migori, chatupa kigezo kingine. Mwanamke aliyevuliwa ziwani humletea mvuvi ng'ombe tele. Hata hivyo, msuko hauegemei utajiri huo, bali heshima anayostahiki mwanamke. Mume amtukanapo kwa ulevi, yeye hurejea ziwani, na mifugo humfuata. Hivyo basi, twashikilia kwamba mhusika wa aina hii huwa na uzito pale ugeni wake unapowawekea wenzake mwiko. Asipowadai lolote, ni binadamu aliyevishwa magamba.